Mzee Buluu na Ziwa Lililokauka Kikaoni

Baada ya miaka thelathini na minne katika Idara ya Mipango ya Ardhi na Maji, mkuu wa chumba cha ramani anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kuanzia kwa mkurugenzi hadi kwa walinzi wa getini tunamwita Mzee Buluu, kwa sababu ya penseli ya buluu inayokaa juu ya sikio lake hata akiwa msibani.

Alianza kazi kama mchoraji msaidizi, kwenye kile chumba cha mwisho wa korido ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Humo amepanga mito, mabwawa na mashamba ambayo hajawahi kuyaona. Mara moja alisuuza brashi kwenye kikombe cha mkurugenzi wa wakati huo, naye mkurugenzi akanywa, akasifu chai. Mzee akaendelea kupaka mto wake.

Lakini jambo lake kubwa alilifanya wakati wa mdororo. Uchumi ulipoanguka, tuliamriwa tuendelee kupanga kana kwamba hakuna kilichotokea. Saruji ikaisha, dizeli ikawa ya kubahatisha, madereva wakashinda wamelala chini ya malori. Rangi tu ndizo zilizobaki tele. Idara yetu nayo ina desturi yake: mradi ukipitishwa na kikao, unachorwa kwenye ramani kuu kama uliokwisha kujengwa, ili ramani isipitwe na wakati mapema. Miaka ya neema desturi hiyo haikumdhuru mtu. Safari hii kikao kilipitisha bwawa, na Mzee Buluu katika bonde moja kavu akapaka ziwa zuri ajabu, lenye ghuba mbili na kisiwa alichokiongeza kwa raha zake tu.

Kumbe chini ya ziwa hilo aliishi mama mkwe wake, pamoja na kijiji kizima.

Fedha kidogo zilizosalia zilitengwa kwa pampu za mkono kwa vijiji vyenye kiu. Kijiji kile kilinyimwa, kwa maelezo kwamba kimo ndani ya maji. Watu wakaendelea kuteka maji ya kisima cha chumvi, watoto wakiugua matumbo. Afisa uvuvi akateuliwa, akapewa kofia. Mama mkwe akaonywa kwa kulima ziwani bila kibali. Alikuja hadi ofisini, akasimama mlangoni na ndoo tupu, akamwambia Mzee mbele yetu sote kwamba hakumtoa binti yake ili mkwe aje amzamishe angali hai. Nyumbani, mke wa Mzee akahamia chumba cha watoto. Tulimwona mwenzetu akilia mezani.

Alishika raba afute. Akakatazwa: kilichopitishwa na kikao hufutwa na kikao, baada ya ukaguzi, na ukaguzi wa ziwa hufanywa kwa boti. Basi lori moja likatafutiwa dizeli, likabeba boti hadi bondeni. Wajumbe wakapanda, wakavaa jaketi za kujiokoa majini, na mwenyekiti akafungua kikao katikati ya mahindi. Afisa uvuvi akaripoti kwamba samaki wamepungua sana. Mama mkwe, aliyekuwa akipalilia pembeni, akaomba boti isogezwe kwa kuwa ilikuwa imelalia maharage yake.

Wajumbe walikataa katakata kusema kwamba ziwa halikuwahi kuwepo, maana wao wenyewe ndio waliolipitisha. Jua likawaka. Wakaomba maji, mama mkwe akawaletea ya kisima kile, wakanywa, nyuso zikakunjamana. Hapo Mzee Buluu akapendekeza kwa upole kwamba labda iandikwe ziwa limekauka. Ziwa likikauka ni janga, na janga lina fungu lake la dharura. Wote wakainua mikono kwa pamoja, boti ikaegemea upande, na afisa uvuvi akapiga yowe kwamba tunazama.

Pampu ilisimikwa kijijini msimu uleule. Katika mdororo wote, idara yetu haikujenga kitu kingine. Siku maji yalipotoka, mama mkwe alijaza kikombe cha kwanza, akaonja. Kisha akampa mkwe wake kwa mikono miwili na kumwita mwanangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu harusi.

Mzee wetu, asante kwa subira yako na kwa utani wako. Wengi wetu tutaondoka hapa tukiacha ramani nzuri ukutani. Wewe unaacha watu wanaokunywa maji. Tunakuombea afya, usingizi mnono na uzee wenye furaha, wewe na wote wa nyumbani kwako.