Miaka Ishirini na Mitatu ya Masikio ya Mama Cansilde

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Cansilde Nizigama anastaafu baada ya kuitumikia redio yetu ya jamii hapa Mbarara kwa miaka ishirini na mitatu. Alianza mwaka 2002 kama mfagiaji wa studio, akitokea makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Anaondoka akiwa mtunza maktaba ya muziki.

Cheo hicho alikipata kwa masikio. Siku moja, akiwa anapiga deki, alimwambia mtangazaji kwamba spika ya kushoto imekufa. Fundi alikuwa amekaa nayo wiki nzima bila kujua. Fundi huyo ni mimi, Ignatius, ninayeandika haya.

Kwa miaka mingi Mama Cansilde alirekodi kwaya za Nakivale, kuanzia kanda ya Juru hadi ya Rubondo, akizichoma kwenye CD na kuandika majina kwa mkono wake. CD hizo zilifika mia nane na sitini. Ufunguo wa kabati alimozitunza aliuvaa shingoni pamoja na rozari.

Mwaka 2014 tulipata kompyuta ya studio. Nilinakili CD mia moja za kwanza, nikizibana faili ziwe ndogo ili nafasi isijae. Meneja wetu wa wakati huo, Bi. Mastula, akaamua kwamba zikishanakiliwa zote, CD zitupwe. Mama Cansilde akagoma kutoa ufunguo. Akaandikiwa barua ya onyo. Kosa moja zaidi, na kazi ingekwisha.

"Muziki ya kompyuta imekonda," alimwambia meneja. "Kayamba inalia kama mchanga. Kwaya iliimba mu kanisa kubwa, sasa ni kama iko mu choo."

Nilicheka. Nikamwambia ni mazoea tu.

"Basi Ignatius, weka CD, weka kompyuta, usiniambie ni gani. Nikikosea, ufunguo huu hapa."

Tulimketisha akiupa mgongo mtambo, nikalinganisha ukubwa wa sauti ili pasiwe na upendeleo. Nyimbo kumi. Alipatia tisa. Meneja alinitazama, nami nikatazama nyaya zangu. Kompyuta haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyezibana faili mpaka zikapoteza mwangwi wa kanisa na mikwaruzo midogo ya kayamba.

Nikanakili upya nyimbo zile kumi bila kubana chochote, na kesho yake tukarudia. Safari hii alipatia tano. Akageuza kiti.

"Sasa ninabahatisha tu. Hii ni sawasawa na CD."

Akavua ufunguo na kuuweka mezani bila kuombwa. Bi. Mastula akaichana ile barua mbele yetu sote.

Tulinakili kwa miaka miwili, yeye akisikiliza kila wimbo mpaka mwisho. Haraka ilihitajika, maana CD za kuchoma huzeeka na joto huzibandua. Mwaka 2017, Shimwa, muuguzi wa Rugaaga, alikuja kuomba sauti ya marehemu baba yake, Valentin, aliyeongoza kwaya moja ya Rubondo. CD yenyewe ilikuwa imebanduka kama ganda la kitunguu. Hakuna mashine iliyoisoma. Nikafungua nakala ya kompyuta. Kabla ya ubeti wa kwanza, Valentin alisikika akivuta pumzi.

"Ni yeye," Shimwa alisema. "Alikuwa anavuta pumzi hivyo hata akitaka kuniita tu."

Mama Cansilde aliurudisha wimbo mwanzo ili Shimwa asikie tena. Kwenye faili zangu za kwanza pumzi ile isingesikika. Nilizijaribu baadaye, peke yangu, nikazifuta.

Mama, asante kwa kukataa ulipokuwa na sababu, na kwa kukubali ulipoipata nyingine. Tunakuombea siku nyingi za utulivu huko Nakivale, wajukuu wasikose mlangoni, na maharage yastawi. Ukisikia tumekosea hewani, usitustahi. Piga simu.