Nani Atamshika Driciru?

Kijiwe cha Sadiya kiko Arua, ng'ambo ya stoo ya zamani ya tumbaku, na benchi lake ni kiti cha lori kilichong'olewa huko mpakani Vurra na kuletwa mjini na watu ambao mpaka leo hawasemi walikipataje. Ukikaa unazama, ukizama huinuki upesi, ndiyo maana maneno ya pale hayaishi. Sadiya humimina kahawa ya tangawizi, na wanaozama kila jioni ni watatu. Kuna Aliga, aitwaye Kamanda, aliyewapikia wanajeshi maharage miaka mingi na siku hizi huongea Kiswahili cha kambini kana kwamba ndiye aliyekuwa akiwaamrisha. Kuna Kambale, Mkongo muuza mawese, jina lake la kijiweni Kilo Mia, na ukimwona hutauliza kwa nini. Na kuna Afedra, mwendesha boda, wanamwita Breki kwa sababu pikipiki yake hulia kabla yeye mwenyewe hajafikiria kusimama. Jioni hiyo kahawa ya Breki ilikuwa imepoa mkononi.

Kisa chake mtaa mzima ulikijua. Stoo ile ya tumbaku sasa imetandikwa mikeka minene, na kina mama na mabinti huingia humo kujifunza jujitsu, mieleka ya Kibrazili. Wengine walikwenda wapunguze tumbo, wengine wapate pumzi. Driciru, mke wa Breki, alisema anakwenda kunyoosha viungo tu. Lakini wakati wa mvua zilizopita, alipokuwa akiuza vitenge soko la Koboko, mwanaume alimkamata katikati ya malori akampora mkoba, na Breki akamkataza kurudi huko. Vitenge vikakaa nyumbani vikinuka moshi. Jana Driciru aliomba tena. Breki, ili maneno yaishe, akajibu, "Siku mwanaume wa benchi letu atakapokushika ukachomoka, nenda." Driciru akasema, "Kesho, basi," akaendelea kusonga ugali wa muhogo.

Na kesho yenyewe ndiyo leo.

— Sasa nani atamshika? — Breki aliuliza.

— Kilo Mia, — alisema Kamanda. — Silaha nzito naanza mbele.

— Mimi? Apana, muze, — Kilo Mia alijibu. — Mutu wa kilo kama hizi akianguka, nani atamubeba? Wewe ndiye kamanda.

— Kamanda hapana pigana. Kamanda iko nyuma, naangalia.

— Na mwiko mkononi, — alisema Sadiya.

Walicheka wote isipokuwa Kamanda, na Breki aliyecheka kwa meno tu. Yeye alikuwa akitazama mlango wa stoo. Ndani vilisikika vishindo, puh, puh, kama watu wanaoshusha magunia, kisha kicheko cha wanawake. Kicheko ndicho kilichomtisha zaidi.

— Ile kitu si ya mikono, — Kamanda alianza, akajivuta mbele. — Mimi nimeona vita. Wanawake hawa nafundishwa kazi. Iko kikosi ya siri. Kesho utawakuta pale Vurra, nasimamisha malori.

— Siri gani na nguo zao zinaanikwa nje? — Sadiya aliuliza.

— Nguo! — Kilo Mia alidakia. — Uliona zile koti? Nzito kama turubai. Mimi najua kitambaa. Mutu hawezi kuvaa vile bila sababu. Eko dawa, wanashona ndani ya kola. Njo maana kila wakati wanashikana kola.

— Umeonaje kama wanashikana kola? — aliuliza Sadiya.

— Nilipita.

— Ulipita ndani ya ukuta?

Kilo Mia akanywa kahawa kwanza.

— Mlango eko na tundu, — alisema. — Sikilizeni sasa. Munamujua Lillian, ule fundi wa kushona? Mwembamba kama ufagio? Na Scovia wa unga, ule mama anabeba gunia peke yake? Basi, niliona Lillian amemukalia Scovia kifuani. Scovia anasukuma, anageuka, anapumua kama ng'ombe. Lillian ametulia juu kama mutu anangoja chai. Kwa nguvu gani? Nawauliza! Mimi Scovia siwezi kumusogeza hata kwa kumuomba.

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeona jambo kubwa na hajapata kanisa la kulishuhudia.

— Hapo umesema, — Kamanda alikubali, sauti ikishuka. — Ile ni chatu. Kule Ajia chatu alikamata mbuzi ya shemeji yangu. Hakupiga, hakuuma. Alizunguka tu, nangoja mbuzi apumue, nakaza. Wanawake hawa nafundishwa na chatu.

— Kama chatu, — Breki alimsahihisha.

— Nimesema na chatu. Iko ndani ya stoo. Mwalimu wao si alinunua kuku hai juzi?

— Ile ni kweli! — Kilo Mia akaruka, na kiti kizima kikaruka naye. — Kuku wa nini?

— Kuku wa kula, — alisema Sadiya. — Nilipika mimi, na mimi nilikula paja.

— Ulikula, lakini mifupa ilikwenda wapi? — Kamanda aliuliza, akawatazama wote kama hakimu.

Kabla mifupa haijajibiwa, mlango wa stoo ulifunguka. Alitoka Driciru, koti na suruali nyeupe za mazoezi, kola wazi, uso ukimeta jasho, akitembea kama mtu anayejua miguu yake ilipo. Breki alimtazama akivuka barabara, na ikamjia kwamba mwendo ule ameuona nyumbani siku nyingi bila kuuangalia. Nyuma yake alikuja Monique, mwalimu, mama mfupi wa kutoka Aru, upande wa Kongo, mchangamfu, masikio yamevimba kama maandazi.

— Jambo, bawazee, — Monique alisalimia. — Driciru ameniambia mapatano. Nani anashika?

Kilo Mia alikuta kitu cha kuchunguza kwenye kiatu chake. Kamanda alikohoa.

— Mume ndiye mwenye shauri, — alisema.

— Nitashika mimi, — alisema Breki, maana nani mwingine?

— Vizuri. Ule mutu wa Koboko alimushika namna gani? Tuanzie pale.

Swali dogo, la kujibiwa kwa neno moja au mawili. Kilo Mia alimtazama Kamanda. Kamanda alimtazama Breki. Breki aliitazama mikono yake. Siku ile, mkewe aliporudi na blauzi imechanika, yeye aliuliza mengi: shati la mwizi lilikuwa rangi gani, lori lilikuwa la nani, kwa nini alichelewa sokoni, kwa nini hakupiga kelele. Akatoa na amri. Lakini mkono ulipita wapi hakuuliza, na benchi lililoijadili habari hiyo tangu mvua mpaka kiangazi nalo halikuwahi kuuliza.

— Hajui, — Driciru alimwambia Monique, bila ukali. — Simama, Afedra. Lete mikono.

Akauchukua mkono wa kulia wa mumewe akauweka kwenye kola yake, chini ya koo. Wa kushoto akauzungusha mpaka kisogoni.

— Hapa na hapa. Halafu alinigandamiza kwenye ubavu wa lori. Haya, kaza.

— Nimekaza.

— Unanishika kama mtungi wa kuazima. Kaza kama unataka mkoba.

Kisogo kilikuwa na joto na kilidunda chini ya vidole vyake. Breki hakutaka kukaza. Akakaza.

Kilichofuata kila mmoja alikisimulia kivyake baadaye. Driciru hakuvuta, hakupiga kelele. Aliubana ule mkono wa kola kifuani kama mtoto mchanga, akazama kidogo, akageuka, nyonga yake ikaingia chini ya tumbo la Breki, na Breki akaona mawingu ya Arua yakipita chini ya viatu vyake. Alipofika chini, vumbi likaruka. Miguu ya mkewe ilikuwa imelala juu ya kifua chake, na mkono wake mwenyewe umenyooshwa katikati ya miguu hiyo kama mwiko kwenye sufuria.

— Inuka, Breki! — Kilo Mia alipiga kelele.

— Nainukaje?

— Piga na kiganja mara mbili, — Monique alisema. — Atakuachia.

— Usipige! — Kamanda alinguruma. — Benchi hii hapana salimu amri!

Breki alimtazama Kamanda, aliyekuwa amezama kitini na kikombe chake. Akapiga, pa, pa. Na papo hapo mkono ukawa wake tena, kana kwamba mkewe amegusa chungu cha moto.

— Umeachia haraka, — alisema akiwa bado chini.

— Ndiyo sheria ya kwanza mle ndani. Mwenzako akigonga, unaachia. — Driciru alijifunga vizuri mkanda wa koti. — Yule wa Koboko nilimwomba aniachie. Nilimwomba kwa heshima kabisa, nikamwita kaka.

Boda moja ilipita, vumbi likatua.

— Siku ya soko utaenda, — Breki alisema.

— Nitaenda. — Mkewe alichuchumaa akampangusa udongo begani. — Umeumia?

— Kidogo. Hapa kwenye bega. — Akajiinua kwa kiwiko. — Na wewe, siku ile, uliumia wapi?

Driciru alimtazama kwanza, muda wa kutosha kuona kama anauliza kweli. Kisha akamgeukia Kilo Mia.

— Sogea, shemeji.

Kilo Mia akasogea, na kusogea kwake kulimsogeza kila mtu. Driciru akakaa katikati yao. Sadiya akamimina kikombe akampa yeye kwanza. Kamanda akavuta pumzi, kidole juu, tayari kueleza jinsi watu wa Koboko wanavyokamata watu.

— Wewe nyamaza, — alisema Sadiya. — Leo anasema mwenyewe.

Driciru akapuliza kahawa, akaanza.