Sifongo Mwenye Harufu ya Waridi

Wasikilizaji wapendwa, simameni mlipo! Redio ya bweni letu, inayosikika hadi jikoni upepo ukikubali, inaomboleza nguli wa sayansi. Uliyelala, basi lala tu.

Tunamkumbuka shangazi yangu. Shangazi alizamia baharini kutafuta dawa ya malaria ndani ya sifongo. Narudia: dawa ya malaria, ndani ya sifongo. Huyo ni mnyama, ingawa hana kichwa wala miguu. Hawezi kukimbia adui, kwa hiyo hujilinda kwa sumu. Shangazi alitafuta sumu itakayoua vimelea vya malaria na kumwacha mgonjwa salama.

Alikata kipande, akakiloweka kwenye spiriti, kisha akadondosha maji yake kwenye damu yenye vimelea. Kwa miaka mingi vimelea vilistarehe tu. "Vinanicheka hivi," aliniambia, "lakini arobaini zao zitafika."

Likizo moja, nilipokuwa kwake nikimsaidia maabara, sifongo wa zambarau aliviua. Vimelea vilikufa, damu ikabaki nzima! Kipande cha mwisho kilikuwa kwenye friza, kikisubiri jaribio la pili.

Jaribio la pili liliua kila kitu, hata damu. Shangazi akawaambia wenzake, "Nimeichafua sampuli mwenyewe." Walimcheka. Alirudi kwenye mwamba alikomkata sifongo yule, akazamia mpaka maradhi yalipomzuia. Hakumwona tena.

Inasemekana mtu asiyejulikana alibadilisha kipande kile...

"Asiyejulikana?"

Samahani, wasikilizaji. Huyo ni dada, binti wa marehemu, niliyemwalika hapa studioni, yaani stoo ya magodoro.

"Mama alinusa mabaki, bwana mdogo. Yalinukia sabuni ya waridi. Nyumbani kwetu nani alikuwa anaoga na waridi?"

Dada, tuko hewani.

"Najua. Alisema, 'Nikimtaja, hatakanyaga tena maabara. Acha aje mwenyewe.'"

Wasikilizaji wapendwa, ni mimi. Nilikata sifongo langu la kuogea, nikalipaka wino wa zambarau. Nilitaka acheke. Kile cha kweli nilikitupa chooni.

Kila nilipomtembelea, hata hospitalini, aliniuliza, "Huna neno la kuniambia?" Nami nikampa vichekesho. Alivicheka vyote.

Dada, pole. Poleni nyote nyumbani. Mnaosikiliza, kama kuna mtu anawasubiri mseme, nendeni sasa hivi, redio mtaikuta.

Shangazi, neno ninalo.