Teresa Khalayi, Mtengeneza Albamu wa Bukura

Ndugu zetu mliotoka Shinyalu alfajiri, nanyi majirani wa Bukura mliokuwa nasi tangu juzi Alhamisi, poleni, na asanteni kwa kufika. Mimi ni Barnaba, mdogo wake Mzee Lazarus Barasa, na familia imenituma niwasomee maisha ya shemeji yangu, Teresa Khalayi, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Navalayo. Haya niliyo nayo mkononi yametoka kwa dada zake, kwa watoto wake na kwa mume wake, na yamo mambo ambayo mume wake amesema nisiyaruke.

Teresa alizaliwa tarehe 9 Machi mwaka wa 1926, katika kijiji cha Ileho, Shinyalu, kando ya msitu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Patroba Shitanda na Mama Mideva, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Dada zake wanamkumbuka kuwa mtoto aliyeokota kila kitu, manyoya ya ndege, karatasi za majani ya chai, mbegu nyekundu za msituni, akavipanga juu ya mkeka kwa utaratibu alioujua mwenyewe, na ole wako ukivikanyaga.

Alianza masomo mwaka wa 1935 katika shule ya masista, akasoma mpaka darasa la sita, akamaliza mwaka wa 1941. Huko alijifunza kushona, na alijaliwa mwandiko mzuri kiasi kwamba masista walimpa kazi ya kuandika majina kwenye kadi za ubatizo, kazi aliyoifanya bila kukosea hata herufi moja, kwa sababu, alivyokuwa akisema, jina la mtu likikosewa basi umemwandika mtu mwingine.

Mwezi wa Januari mwaka wa 1944 alipata kazi ya yaya katika shamba la mzungu mmoja kule Lugari, Bwana Denham, na ndiko alikokutana na kaka yangu Lazarus, aliyekuwa dereva wa trekta. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 4 Januari 1947, na tarehe 14 Agosti 1948 Mungu akawapa mtoto wa kwanza, msichana, wakamwita Navalayo.

Bibi Denham alikuwa mtu wa picha. Kila mwaka alitengeneza albamu kubwa ya majani meusi, akabandika picha za watoto wake, tiketi za gari moshi, maua makavu, nywele za kwanza kukatwa, na alipoona jinsi mikono ya Teresa ilivyokuwa mitulivu, akamwachia kazi yote ya kukata na kubandika, yeye akawa wa kusema tu nini kiende wapi. Tarehe 20 Oktoba 1951 ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya mvulana wa mwisho wa Denham, na kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na mtu wa kubaki na Navalayo kule kambini kwa wafanyakazi, Teresa alikuja naye. Picha ikapigwa barazani. Watoto wa Denham wamekaa katikati na keki yao, na pembeni kabisa, upande wa kulia, karibu na ngazi, amesimama Navalayo wa miaka mitatu, gauni limempita kimo, mguu mmoja juu ya mwingine, mkononi ana kipande cha keki ambacho bado hajaamua kukila.

Picha ilipotoka kusafishwa, Bibi Denham alimwambia Teresa, "Punguza kingo ili ikae vizuri." Teresa akachukua mkasi, akapunguza juu, akapunguza chini, akapunguza kushoto, na upande wa kulia hakuugusa. Akaibandika hivyo. Bibi Denham hakuona, au aliona akanyamaza, hilo hatutalijua.

Mwezi wa Mei mwaka wa 1952 familia ya Denham ilikwenda Nairobi kwa wiki tatu, na Teresa akalazimika kufuatana nao, akamwacha Navalayo hapa Bukura kwa mama yetu. Surua ikaingia kijijini. Navalayo alifariki tarehe 3 Juni, na kwa kuwa habari zilichelewa njiani, Teresa alifika tarehe 8, akakuta mtoto amekwisha kuzikwa na udongo umeanza kukauka. Hakulaumu mtu. Alikaa siku nne, kisha akarudi kazini, na tunajua sasa kilichomrudisha upesi hivyo: sura ya mwanawe ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya albamu ya watu wengine, juu ya kabati ambalo kazi yake ilikuwa kulipangusa vumbi.

Kwa miaka kumi na mmoja alilipangusa kabati lile kila Ijumaa. Alifungua ukurasa ule, akatazama, akafunga. Watoto wengine walizaliwa, Protus tarehe 2 Februari 1953 na Sellah tarehe 30 Novemba 1956, na kaka yangu akaanza kumwita Mama Protus, akidhani ni njia ya kumsaidia asahau. Aliitikia, lakini aliitikia akiwa amechelewa kidogo, kama mtu anayegeuka kuona kama kuna mwingine nyuma yake, mpaka Lazarus akachoka, akarudia kumwita Mama Navalayo.

Mwaka wa 1963, nchi ikielekea kujitawala, mashamba ya Lugari yalianza kugawiwa wananchi, na Bwana Denham akauza lake. Siku mbili kabla ya kuondoka, Bibi Denham alimwita Teresa akamwambia achague kitu kimoja ndani ya nyumba, chochote, kiwe kumbukumbu ya miaka kumi na tisa. Teresa alimwambia ataleta jibu baada ya chakula cha mchana, akarudi kambini akiwa anatabasamu, jambo ambalo Lazarus anasema hakuwa ameliona muda mrefu.

"Nitaomba ule ukurasa," alimwambia mume wake.

Hapa ndipo Mzee Lazarus ameniambia nisome polepole. Alimjibu mke wake hivi, "Picha itakushonea watoto nguo? Kazi imekwisha, kesho hatuna hata pa kulala. Omba cherehani."

Teresa akasema, "Baba Protus, ni yeye peke yake."

Naye akasema, "Na hawa wawili walio hai?"

Teresa alikwenda kwenye nyumba kubwa, akaomba cherehani, na Bibi Denham akafurahi sana, kwa sababu alikuwa hajui atakipeleka wapi chombo kizito namna ile. Tarehe 17 Mei, Teresa mwenyewe ndiye aliyefunga vitabu na albamu kwa magazeti, akavipanga sandukuni, na Lazarus mwenyewe ndiye aliyepigilia misumari.

Familia ilirudi hapa nyumbani, Lazarus akapata kazi ya kuendesha trekta katika chuo cha kilimo, na Teresa akaweka cherehani yake kwenye baraza la duka moja sokoni Kakamega. Lazima tuseme ukweli, cherehani ile ilivalisha watoto, ikalipa karo, ikaezeka mabati mnayoyaona. Lakini mwezi wa Desemba mwaka ule ule, baada ya sherehe za uhuru, mama mmoja alimletea picha ya mwanawe akiwa kwenye gwaride la shule, imekunjika mara nne kwa kubebwa kifuani, akamwuliza kama nguo inaweza kushonewa mfuko wa kuilinda. Teresa akamwambia, "Niachie mpaka Jumatano." Alikata karatasi ngumu, akaikunja kuwa kijitabu kidogo kinachoenea kiganjani, akaishona katikati kwa cherehani, akapika gundi ya unga wa muhogo, akavika jalada la vipande vya kitambaa cha sare ya mtoto yule yule, na ndani, chini ya picha, akaandika kwa mwandiko wake wa kadi za ubatizo jina, tarehe na mahali.

Tangu siku hiyo watu hawakumwacha. Walimletea picha za harusi, kadi za ubatizo, vipande vya magazeti vya siku ya uhuru, riboni, cheti cha kwanza cha shule, barua ya mwana aliye jeshini. Aliyefiwa na mtoto hakulipishwa. Na wote mliokalia kigoda chake mnalijua swali lake, alilouliza huku ameweka kidole kwenye ukingo wa picha, "Huyu wa pembeni ni nani?" Ukisema hujui, alikurudisha nyumbani ukaulize, na hakubandika mpaka jina lipatikane. Wako watumishi, mayaya, watoto wa jirani waliopita tu njia, ambao majina yao yamo katika albamu za watu wa wilaya hii kwa sababu Teresa alikataa kuwaacha.

Yake mwenyewe aliitengeneza mwaka wa 1964. Imo picha ya Protus, imo ya Sellah, imo ya ndoa yake, na ukurasa wa kwanza ameandika, Navalayo Barasa, Lugari, 20 Oktoba 1951, kisha chini hapana kitu.

Tarehe 10 Februari 1965 alimwomba Mwalimu Maina wa shule ya msingi hapa Bukura amwandikie Bibi Denham barua ya Kiingereza, kwa anwani iliyoachwa kwa Kibiwott, karani wa lile shamba. Aliomba ukurasa ule, au picha ile tu, au hata kile kipande cha kulia. Jibu lilikuja mwezi wa Julai kwa sanduku la posta la chuo, mikononi mwa Lazarus, naye akampelekea Mwalimu Maina amsomee. Bibi Denham aliandika kwamba masanduku yaliingia maji melini, vitabu na albamu vikaoza, vikatupwa bandarini. Alituma salamu. Mwishoni aliuliza, ni mtoto gani huyo, maana hakumkumbuka mtoto yeyote mwingine katika picha ile.

Lazarus anasema barua yote angeweza kumsomea mke wake isipokuwa mstari ule wa mwisho, na kwa kuwa hakuweza kusoma wa mwisho, hakusoma hata mmoja. Aliificha katika sanduku la spana za trekta, akamsihi Mwalimu Maina anyamaze. Teresa akamwuliza jioni ile, "Posta wamesemaje?" Akajibu, "Bado." Kwa miaka mitatu aliulizwa hivyo kila Ijumaa, na kila Ijumaa alijibu neno lile lile, akisema moyoni kwamba wiki ijayo atamweleza, na wiki ijayo mke wake alikuwa amechangamka au amechoka, na ikawa si siku nzuri. Barua nyingine mbili Teresa aliziandikisha, na Lazarus akazipeleka posta kwa mkono wake, akijua hakuna kinachosubiriwa.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 1968 miguu ya Teresa ilianza kuvimba, na madaktari wakatueleza kuwa ni figo. Alilazwa hospitalini Kakamega tarehe 19 Agosti. Jumatatu tarehe 2 Septemba, Lazarus alipomletea uji, alimwuliza akiwa amefumba macho, "Bado?" Kaka yangu anasema neno la kweli lilifika mpaka kwenye meno. Akajibu, "Bado, mama." Teresa akasema, "Basi ikifika, Sellah aibandike. Mkono wake ni mtulivu." Alifariki Alhamisi tarehe 5 Septemba, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Jana, Protus alipojua haya yatasomwa, alimwambia baba yake, "Baba, ya nyumbani yabaki nyumbani." Mzee akamjibu, "Nimeyaweka nyumbani miaka mitatu, na sasa mwenye kuyasikia hayupo. Acha angalau wasikie waliomjua." Ameomba asisimame mtu hapa kumtetea, wala wa kumlaumu asijizuie.

Teresa aliomba azikwe karibu na Navalayo. Tumejitahidi. Kaburi la mtoto halikuwekewa alama, na shamba limelimwa mara nyingi tangu wakati huo, basi jana asubuhi tulimshika mkono mama yetu, ambaye haoni vizuri tena, akaonyesha kwa fimbo, akasema ni hapa, kisha akasogea hatua tatu, akasema, au ni hapa. Tumechimba katikati.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia siku zote zile bila kuchoka, majirani mliochota maji na kuleta kuni na unga wa obusuma, ugali wetu, wafanyakazi wa chuo mliotupa gari, wenzake wa sokoni mliofunga biashara leo, masista, na Mwalimu Maina, ambaye jana alikuja kulia na kaka yangu. Atakayekuwa na kijitabu alichoshonewa na Teresa, familia inaomba aje atuonyeshe, hata miaka ikipita, mlango uko wazi.

Teresa, binti Patroba, mama wa watatu, uliwatunzia watu walio wao, na sisi tulio wako hatukukutunzia wako. Utusamehe. Lala sasa, dada yetu, lala bila kusubiri chochote.