Ufunguo wa Maabara ya Mwalimu Kopo

Wafiwa na majirani, apeni kwanza kwamba neno hili litafia hapa hapa, lisimfikie mwenyekiti wa bodi ya shule, ingawa mwenyewe amekaa mstari wa mbele na ameshatega sikio.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mwalimu Kopo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika chumba cha nyuma cha duka la cherehani la mama yake, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, na dada yake, aliyemtangulia kwa miaka sita, ndiye aliyembeba mgongoni, akaacha shule darasa la nne ili ashone nguo, mdogo wake apate kusoma. Alianza shule Januari 1968, akafuzu ualimu wa sayansi tarehe 2 Desemba 1984, akapangiwa shule hii ya jirani, ambayo maabara yake ilikuwa na meza mbili, bomba lisilo na maji na mjusi mmoja.

Alifunga ndoa na muuguzi tarehe 18 Agosti 1990, baada ya kukataliwa mara mbili, wakajaliwa mabinti watatu, ambao walijua kupima sukari kwa mizani kabla ya kuruhusiwa kuilamba.

Miaka ishirini na tisa alifundisha kemia kwa makopo ya rangi na majivu, hadi tarehe 6 Mei 2014 alipopata kompyuta sita zilizotumika, zenye maabara pepe, yaani chupa, moto na tindikali vyote vimo ndani ya kioo, mtoto akikosea vinalipuka humo humo wala nyusi haziungui. Darasa lilikuwa na wanafunzi arobaini, lakini kompyuta ikahifadhi majaribio ya watu arobaini na mmoja, na ufunguo wa akiba haukuonekana, watu wakamnyooshea kidole mlinzi, mwenyekiti akaapa kwamba mvamizi asipokoma chumba kitafungwa.

Siku ya wazazi, tarehe 14 Novemba 2015, wageni wakisubiri ukumbini, ukutani ikaonekana tindikali ikidondoka tone kwa tone, hadi maji ya rangi ya waridi yakawa meupe, kipimo sawasawa. Mwalimu akafungua mlango wa maabara, akamkuta dada yake, miwani puani, hajui kwamba waya umeunganishwa na projekta ya ukumbini.

Mwenyekiti, aliyemfuata nyuma, akauliza, "Na huyu bibi je?"

"Nimemtuma mimi, mzee," marehemu akajibu bila kupepesa jicho. "Darasa la nne huyu, na amepatia."

Makofi yakapigwa, chumba kikapona, ila mlinzi akabaki na jina la mwizi wa ufunguo.

Figo zilimsumbua tangu Februari 2022, akafariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, baada ya kumwambia dada yake, "Usinizike na jina la mlinzi likiwa na doa."

Familia inawashukuru madaktari, majirani, walimu wenzake, na zaidi mlinzi, aliyelaumiwa miaka tisa bure, maana marehemu hakumtuma mtu, ufunguo ulitolewa mfukoni mwa koti lake lilipoletwa kubadilishwa bitana, na aliyeutoa alifanya majaribio yote wanafunzi walipokwenda kula mchana. Pumzika kwa amani, Kopo wetu, na wewe mwenyekiti acha kugeuka nyuma kumtafuta, ufunguo ni huu, unaning'inia kwenye utepe wa kupimia, shingoni mwa huyu anayewasomea.