Bi Kijidudu, Aliyewachekesha Watu Hadi Wakachemsha Maji

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, nami familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwenye simu zenu kwa jina la Bi Kijidudu.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi nyuma ya nyumba yetu, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1996 akahitimu chuo kikuu katika elimu ya vijidudu vya maradhi, akabaki hapohapo kufundisha. Mwaka 1999 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa gari la wagonjwa, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2016 alianza kurusha mtandaoni masomo ya maji salama, mazito kweli kweli, watazamaji wake wakiwa sisi ndugu, tena kwa kulazimishwa. Siku moja akirekodi, shemeji alipita nyuma yake akachota maji mabichi ndooni, akanywa, naye dada akabana pua, akageuka kijidudu: “Baba mwenye nyumba, fungua tumbo, tumehamia na watoto na magodoro!” Kesho yake video ilikuwa imeenea kila kona.

Mkuu wake wa idara alimwita, akamwambia anaivunjia sayansi heshima, achague vichekesho au kazi. Dada akajibu, “Mzee, mtu akicheka hufungua mdomo, hapo ndipo ninapotia dawa,” akaendelea na vyote viwili, kila mzaha ukihakikiwa kwanza na wenzake wa maabara.

Kipindupindu kilipoingia mwaka 2018, watoto wa mtaani kwetu waliwazuia wazazi wao kunywa maji mabichi, wakibana pua na kuigiza sauti yake, na mtaa wetu haukuzika mtu. Mkuu yule alikuja nyumbani, akavua koti, akasema, “Nami nipe nafasi ya kijidudu,” akaigiza vibaya mno, tukacheka hadi machozi.

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, lakini hata kitandani alifundisha: “Ini halina mdomo, ukilisikia linalalamika ujue limeshachoka, nendeni mkapime,” na watu wakaenda. Alifariki tarehe 14 Agosti 2024, hospitalini, mikononi mwa mabinti zake.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani mliokesha nasi, na walimu wenzake. Humu ndani wamo walio hai kwa sababu walicheka, wakasikia. Dada, umeshinda, pumzika kwa amani.