Fundi Dishon na Waya wa Gia ya Nyuma

Wasikilizaji wapendwa, kwa nini mtu abebe kosa lisilo lake hadi kaburini? Nimekuja studioni na swali hilo, na jibu sina.

Tunamkumbuka Dishon Otuoma, fundi wa magari wa Kosele, aliyezikwa Ijumaa. Magari ya otomatiki yaliyokataa kurudi nyuma yalimfikia kutoka Osiri hadi Muhuru Bay. Dishon hakufungua giaboksi kabla ya kuihoji. Aliiacha injini ingurume hadi ipate moto, ndipo akachomoa kijiti cha kupimia oili, akainusa kama mpishi anusavyo mchuzi. Kisha alilala chini ya gari, mtu akisogeza gia, naye akautazama waya unaounganisha mkono wa gia na giaboksi. "Mkono waweza kusema nyuma," alizoea kusema, "na boksi isisikie."

Bintiye, Lynnet, aliyajua hayo tangu utotoni. Ameniruhusu kuyasimulia yanayofuata.

Miaka miwili iliyopita alirudi kutoka chuoni na stashahada ya ufundi. Wiki hiyo hiyo dereva aitwaye Bonface akaleta gari la Mama Filister, mchuuzi wa dagaa wa omena huko Muhuru Bay. Lilikwenda mbele tu.

"Limegeuka mashua hili," alisema Bonface. "Likiingia ufuoni, wanaume wanne walisukume."

Lynnet alichomoa kijiti, akaona oili nyeusi. Ikamtosha. "Boksi imekufa. Ibadilishwe."

"Nyathina," babake alimwita mwanawe kwa upole, "umetazama waya?"

"Baba, huko ni kubahatisha. Siku hizi hatufanyi kazi hivyo."

Bonface akaangua kicheko. "Jaduong', mzee wetu, leo umefungwa bao na wako wa nyumbani!"

"Nipe nusu saa tu," Dishon alimwomba. Lakini Bonface alikuwa tayari kwenye simu: "Mama, fundi amesema boksi imekufa."

Filister akabadilishiwa giaboksi Migori mjini. Gari likakataa tena kurudi nyuma.

Safari hii alilileta mwenyewe, akifoka. Bonface alikuwa ameacha kazi, yuko Osiri anaendesha lori. Dishon alilala chini ya gari dakika kumi, akatoka na kipande cha mpira kilichosagika. Kilikuwa kidogo kuliko kifuniko cha soda. Ndicho kilichoushika waya. Waya ulilegea, na gia ya nyuma haikuingia. Giaboksi ya kwanza ilikuwa nzima.

"Jaduong', ni wewe uliyesema boksi imekufa?" Filister akauliza.

Lynnet alisimama hatua tatu kutoka hapo, spana mkononi. Alingoja babake aseme ukweli.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Spana ikawa nzito. Lynnet akaiweka kwenye sanduku la vifaa, akalifunga.

Habari zikatembea. Dishon, fundi wa giaboksi, akaishia kuziba pancha za baiskeli. Mara tatu Lynnet alitaka kusema. Mara tatu alimeza maneno, akainama kutafuta nati ambayo haikuwa imeanguka.

Mjane wa Dishon, Mama Awino, aliniambia hivi: "Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, 'Jina langu limeshazeeka. La mtoto ndio kwanza linaota meno.'" Labda hilo ndilo jibu. Lynnet anasema angependa kulisikia babake angali hai.

Ijumaa, mazishini, walimpa Lynnet kipaza sauti asome maisha ya marehemu. Kijitabu cha mazishi alikiandika yeye mwenyewe. Kwenye ukurasa wa pili alikuwa ameandika: "Alistaafu kwa hiari yake." Filister alikaa safu ya mbele, na wanawake wenzake wa Muhuru Bay. Lynnet alifika kwenye mstari huo. Hakuusoma.

Kwa Mama Awino na jamaa yote ya Otuoma, poleni. Mungu awatie nguvu. Nasi tunaobaki, kila mmoja ajiulize ni nani anayebeba kosa lake.

Wasikilizaji wapendwa, Lynnet alikikunja kijitabu. Akawaambia waombolezaji:

"Baba hakustaafu. Wateja walimkimbia kwa kosa langu. Ni mimi niliyesema boksi imekufa, na sikutazama waya. Mama Filister, Jumatatu nakuja Muhuru Bay, kisha nakwenda Osiri, nikayaseme haya haya katika kila gereji."